Watu wa Namba Saba

Watu wa Bonde la Rud, huko Wisconsin, Marekani, kwenye ng'ombe wa maziwa, hawana mazoea ya kusema jambo waziwazi. Mtu akivunjika mguu atakwambia leo hana hamu sana ya kutembea. Akifiwa na mke atakwambia nyumba imekuwa na nafasi. Nayasema haya mapema usije ukadhani Ardis Bjerke alikuwa kiumbe wa ajabu kwa kukaa na siri miaka thelathini na minne bila kuitoa hata kwa mumewe. Kwao hilo halimshangazi mtu.

Ardis alizaliwa shambani, binti wa tatu wa mkamua ng'ombe, na angeolewa na mkamua ng'ombe mwingine kama mwalimu wake wa hesabu asingemsukuma aende chuo cha ufundi kusomea kompyuta, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba. Alirudi na cheti mwaka 1978, akaolewa na Lyle, dereva wa lori la kiwanda cha chakula cha mifugo, akaajiriwa na Kampuni ya Bima ya Moto ya Bonde la Rud. Kampuni hiyo ni ya wakulima wenyewe. Wao ndio wanaokatiwa bima na wao ndio wenye kampuni. Banda la mmoja likiungua, wote huchangia kulisimamisha tena. Wakati huo kila kitu kiliandikwa kwenye kadi. Meneja alimpa Ardis mashine mpya na kadi elfu tatu, akamwambia aone atakavyofanya, akaenda zake kuvua samaki.

Alifanya. Ilimchukua miaka miwili na kitu. Aliutunga mfumo mzima peke yake, mstari baada ya mstari, na alipomaliza mashine ilijua kila banda la bonde lile, lina umri gani, limeezekwa kwa kitu gani, na bomba lake la moshi limesafishwa lini. Barua zilizowachukua makarani wiki nzima zikawa zinatoka asubuhi moja. Lyle alikuwa akiwatania wenzake kiwandani kwamba mkewe amezaa mtoto asiyelia wala kula. Ardis hakupenda utani ule, kwa sababu hawakujaliwa mtoto, lakini alijua Lyle anasema kwa fahari.

Kisha likaungua banda la Selmer Oyen.

Vuli ya 1980 kampuni iliwaandikia wanachama wote wenye jiko la kuni ndani ya banda: liondoeni kabla ya theluji, la sivyo bima ya banda inakoma. Barua ziliandikwa na Ardis na kutolewa na mashine ya Ardis. Selmer hakuliondoa. Januari banda liliteketea na ng'ombe thelathini na mmoja ndani yake. Kampuni ikakataa kulipa, na kwa sheria ilikuwa na haki. Ardis alifuatana na mkaguzi kwenda kumweleza. Pale jikoni akaiona barua yake kwenye rafu, pamoja na barua nyingine za mwaka mzima, za serikali, za kanisa, za matangazo ya mbegu. Zote zilikuwa zimefunguliwa kwa kisu, zimerudishwa kwenye bahasha, na zimepangwa vizuri sana kwa ukubwa wa bahasha.

"Sikuipa uzito," Selmer alimwambia mkaguzi, akitazama mikono yake.

Mkaguzi aliandika hivyo hivyo, kwamba hakuipa uzito. Lakini Ardis alibaki anaitazama ile rafu. Mtu anayesoma barua zake huzipanga kwa tarehe, au kwa jambo lililomo. Hazipangi kwa ukubwa. Selmer aliuza shamba, akahamia kwa binti yake mjini, na akafia huko kwenye chumba kisicho na dirisha la kuelekea malishoni. Ardis aliumia kuliko alivyomwonyesha mtu yeyote. Hakuna aliyemlaumu, na hilo halikumsaidia.

Alichofanya ni kuongeza kisanduku kimoja kidogo kwenye skrini, mahali pa kuandika barua ya mwanachama ipelekwe vipi. Moja ilikuwa kwa posta, mbili kwa posta na nakala kwa wakala, na kuendelea. Saba ilikuwa kitu kingine. Ukiandika saba, barua haiendi posta. Inatokea kwenye meza ya wakala ikiwa na neno moja juu, TEMBELEA, na mashine haikubali kwamba mwanachama amearifiwa mpaka wakala aandike siku aliyokwenda. Hakuna bima iliyoweza kukoma kabla ya tarehe hiyo kuandikwa. Mawakala walipomuuliza saba ni nini, aliwajibu kwamba huyo ni mtu anayependa wageni. Mawakala ni watoto wa bonde lile lile. Walinywa kahawa yao na hawakuuliza tena.

Wakazua na namna ya kufanya. Wakala anafika, anasifia ng'ombe, anakaribishwa jikoni, anatoa barua mfukoni na kusema, "Mimi nisiposoma kwa sauti siambulii kitu." Halafu anaisoma yote kwa sauti, kama vile anajisomea mwenyewe. Mwenye nyumba anatazama dirishani. Hakuna aliyeomba kusomewa na hakuna aliyesomewa, na jiko la kuni linaondolewa Jumamosi inayofuata. Kuna wakati watu wa namba saba walifika sitini. Wengi wamekufa, miaka hii walikuwa wamebaki ishirini na watatu.

Sasa tumpishe Todd Lunde aingie. Todd alikuwa meneja mpya, mtoto wa huko huko, aliyekwenda kusomea biashara akarudi na viatu vyenye ncha ambavyo tope la Rud halikuvihurumia. Hakuwa mtu mbaya. Aliona mashine iliyochoka, ambayo kipuri chake cha mwisho kilinunuliwa kwa muuza vyuma chakavu wa jimbo jingine. Aliona mfumo unaojulikana na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ana miaka sitini na minne. Akasema wanunue mfumo uliokwisha tengenezwa, kutoka kampuni moja ya Minneapolis inayouzia makampuni ya bima mamia kwa mamia. Ardis akasema la, wajenge wao wenyewe upya. Aajiri vijana wawili wa chuo cha ufundi, awafundishe, na ndani ya miaka mitatu wawe na mfumo mpya unaolijua bonde kama ule wa kwanza.

Bodi ina watu watano. Wawili walitaka kununua na wawili walitaka kujenga. Kura iliyobaki ilikuwa ya mwenyekiti, Orvin Skaar, mzee wa miaka sabini na sita, mwenye mabega mapana na maneno machache. Kikao kilipangwa Alhamisi ya pili ya Novemba, kwa sababu baada ya hapo msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa na humpati mtu. Kila mjumbe alipewa taarifa mbili za kusoma nyumbani: kurasa kumi na moja za Ardis na kurasa sitini na nne za Minneapolis.

Na Orvin Skaar alikuwa mtu wa namba saba.

Ardis alilijua hilo tangu masika. Beulah, mke wa Orvin, alikuja ofisini akiwa amekonda kwa saratani, akaketi, akaomba kahawa ambayo hakuinywa, akauliza habari za Lyle. Alipoinuka kuondoka ndipo aliposema, "Kwetu pale, Ardis, utuwekee saba." Ardis hakumuuliza habari za saba amezipata wapi. Miaka arobaini na tisa alikuwa akimsomea mumewe kila karatasi, na mihtasari ya bodi miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuhisi. Wiki tatu baadaye alizikwa.

Jumatatu kabla ya kikao Orvin alimpigia Ardis simu. Alisema kuna ufa kwenye ukuta wa banda, labda apite auangalie. Ardis si mkaguzi wa kuta na hajawahi kuwa. Alivaa koti, akachukua miwani.

Njiani ndipo alipoona mahali alipowekwa. Kazi ya maisha yake yote ilisimama juu ya kura ya mtu mmoja, na mtu huyo angejua tu kile ambacho yeye Ardis angekitamka. Angeweza kusoma za kwake polepole na za Minneapolis haraka. Angeweza kuruka ukurasa hapa na pale na hakuna ambaye angejua kamwe. Si vizuri kumpamba mtu kuliko alivyokuwa: wazo hilo lilimjia, na halikumjia mara moja tu.

Orvin alikuwa ameandaa kahawa na lefse, zile chapati nyembamba za viazi, alizonunua kwa akina mama wa kanisa. Taarifa zote mbili zilikuwa mezani, bahasha zake zimefunguliwa kwa kisu. Ufa wa banda haukutajwa. Ardis alivaa miwani, akakohoa kidogo.

"Mimi nisiposoma kwa sauti siambulii kitu," alisema.

"Basi soma kwa sauti," Orvin akajibu. "Mimi nipo tu hapa na kahawa yangu."

Alisoma zake kwanza, kumi na moja, na kwa mara ya kwanza akazisikia ni fupi. Kisha akaanza zile sitini na nne. Nyingi zilikuwa maneno ya wauzaji, yanayojaa mdomo na hayashibishi, na Orvin alilisha paka chini ya meza wakati wote huo. Alipofika ukurasa wa arobaini na moja Ardis aliweka karatasi mezani. Alinywa kahawa. Aya ile ilisema kwamba kampuni imeruhusu shughuli zake zote zitegemee kumbukumbu ya mfanyakazi mmoja aliyekaribia kustaafu, na kwamba kujenga upya chini ya mfanyakazi huyo huyo ni kulirudia kosa kwa gharama kubwa zaidi.

Aliisoma. Aliisoma yote, kwa sauti ile ile, hadi nukta.

Orvin aliacha kulisha paka. "Hilo waliloandika ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ungeweza kuliruka."

"Ningeweza."

"Beulah alikuwa akiruka," alisema Orvin. "Gazetini, habari za watu waliokufa, wale niliowapenda. Alikuwa ananingoja nile kwanza. Mimi nikawa namsikia. Mtu akiruka mstari pumzi humpotea kidogo. Nilikuwa nakula tu, namngoja anieleze."

Ardis akamega lefse. Hapo ndipo Orvin aliposema jambo ambalo halikuwa limesemwa jikoni mwa mtu yeyote wa bonde lile tangu mwaka 1981. Alisema Beulah alimweleza kabla hajafa kwamba kuna namba, na kwamba yeye amo. Akauliza kama namba hiyo imo katika mfumo wa Minneapolis.

"Nimetafuta mara mbili," Ardis alisema. "Kuna barua, kuna barua pepe, kuna ujumbe wa simu, kuna kupiga simu. Ikishatuma tu, inahesabu umearifiwa."

"Kama Selmer."

"Kama Selmer."

"Mbona hukuliandika katika hizo kurasa zako? Si ndilo lingekupa ushindi?"

"Ningeliandika, Orvin, wangeniuliza saba ni akina nani."

Mzee aligeuka akatazama dirishani, na Ardis akamaliza kurasa ishirini na tatu zilizobaki. Alipokuwa anavaa koti, Orvin alimuuliza swali moja tu. Wakijenga, na yeye akafika miaka sabini akapumzika, na wale vijana wawili wakaitwa mjini kwenye mshahara mnono, mfumo ataujua nani? Ardis alifikiri mpaka mlangoni. Akasema hajui. Alirudi nyumbani akamwambia Lyle amechoka, akalala mapema, na hakupata usingizi kwa hasira za kujikasirikia mwenyewe.

Alhamisi ikafika. Kampuni ya Minneapolis ilimtuma binti mmoja, Megan Schaller, mchangamfu, mwenye meno mazuri na mkoba mzito, na kusema kweli alikuwa anaijua kazi yake. Aliwaonyesha ukutani jinsi barua zinavyokwenda zenyewe, jinsi madai ya fidia yanavyofuatiliwa, jinsi picha ya banda inavyopigwa kwa simu na kuingia moja kwa moja. Wale wajumbe wawili wa kujenga walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Ardis mwenyewe aliona vitu viwili ambavyo alikuwa akivitamani miaka kumi na tano.

Akauliza. Alisema kuna wanachama ishirini na watatu wasiotumiwa barua bali hutembelewa, je, wao watawekwa wapi?

Todd akacheka kidogo, si kwa ubaya. Alimweleza Megan kwamba hiyo ni namba ya zamani iliyobaki tu kwenye mfumo, haina maelezo popote, na ilikuwa kwenye orodha ya vitu vya kufutwa. Megan naye akauliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kweli kusaidia: watu hao wana shida gani? Maana kama hawapendi karatasi, wanaweza kupigiwa simu.

Ardis alifungua mdomo. Alikuwa na majina yote ishirini na matatu kichwani. Wengine ni wazee wa kanisa. Mmoja alikuwa ameketi pale mbele yake kwenye kiti cha mwenyekiti. Aliwaza jinsi habari inavyosafiri Rud, kwamba kufikia Jumapili kila mtu angekuwa anahesabu jirani yake. Akafunga mdomo. Akaikunja taarifa yake mara mbili, na alijua amekwisha shindwa. Todd akasema basi waendelee.

"Tusiendelee," alisema Orvin.

Alikuwa ameweka mikono yote miwili mezani.

"Mimi ni mmoja wao. Sijui kusoma. Sikujua kamwe. Mke wangu alikuwa ananisomea, sasa hayupo, na hizi karatasi zenu nimesomewa Jumatatu na huyu Ardis. Amenisomea na zile zinazomtukana." Akamgeukia Megan. "Simu si kitu, binti yangu. Kwenye simu mtu husema ndiyo ili ikatwe. Sisi inabidi mtu aje, akae, anywe kahawa."

Mjumbe mmoja alitazama kofia yake. Todd aliona haya mpaka masikio, na kuanzia siku ile Ardis alianza kumpenda, kwa sababu alikuwa wa kwanza kuinuka na kumjazia mzee kikombe chake.

Orvin akatoa kura. Alisema wanunue, kwa kuwa Ardis mwenyewe, alipoulizwa, hakuweza kumwambia nani ataushika mfumo baada yake, na mtu aliyesema ukweli huo anastahili kupumzika. Lakini saba iwemo. Iwemo kama ilivyokuwa, bima isikome mpaka mtu awe amekwenda. Kama Minneapolis hawawezi, basi wajenge, hata ikibidi warudie kadi.

Megan hakuahidi palepale, na hilo lilimpa sifa. Alitoka kupiga simu nusu saa kwenye baridi, akarudi na pua nyekundu, akasema itawezekana, ila lazima mtu akae nao kuwaeleza vizuri. Kila mtu akamgeukia Ardis.

Alilia garini. Alikuwa ameshinda na ameshindwa kwa kura moja, na hakujua ni machozi ya kipi. Lyle alipomwona alizima televisheni, jambo ambalo halifanyi hata kwa mchungaji, na Ardis akamsimulia yote, kuanzia rafu ya Selmer.

Kuhama kulichukua miezi kumi na minne. Ardis aliwahamisha wanachama wote kutoka mfumo wake kwenda ule mpya, faili kwa faili, mwenyewe. Siku ya mwisho aliandika amri ya kuizima mashine ya zamani, akaketi hapo dakika kadhaa, akabonyeza. Karani mmoja alimletea keki. Alikula kipande kwa heshima tu.

Kazi ya kwanza ya mfumo mpya ilikuwa barua kwa wanachama wote. Nyingi zilikwenda kwa posta na kwa simu. Ishirini na mbili, kwa kuwa mmoja wa wale ishirini na watatu alikuwa amefariki, zilitokea kwenye meza za mawakala zikiwa na neno TEMBELEA. Wakala wa upande wa kina Skaar alikuwa na homa, kwa hiyo Todd alimpigia Ardis nyumbani kumwomba ampelekee Orvin ya kwake. Ardis alikubali hata bila kuuliza barua inahusu nini.

Jikoni palikuwa vilevile, paka yuleyule. Ardis alivaa miwani, akafungua bahasha, na hakusema maneno ya desturi, maana kati yao hayakuwa na kazi tena. Alianza kusoma. Wapendwa wanachama, kampuni imeanza kutumia mfumo mpya. Namba ya simu ni ile ile. Atakayeona kosa kwenye karatasi zake aje ofisini. Kisha akafika chini ya ukurasa, akaona jina lake, akapitisha macho haraka kwenye mistari mitano, uso ukapata moto.

"Wenu mwaminifu, Todd Lunde, meneja," alisoma, akaanza kuikunja.

"Umeruka," alisema Orvin.

Ardis alijaribu kucheka. "Umesikia pumzi?"

"Pumzi nimeisikia. Lakini hiyo mistari ni yangu. Niliitamka mimi, Todd akaiandika, na alinisomea mara nne mpaka ikakaa sawa." Akamsogezea sahani ya lefse. "Ile ya kukutukana uliisoma yote, Ardis. Isome na hii."

Ardis alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Akaifungua barua. Sauti yake haikuwa nzuri, na ilikatika mahali pawili, lakini aliusoma kila mstari hadi nukta, na mzee alikuwa anatazama dirishani.